Kabla ya Kupiga Window Upya

Moshi mjini, kompyuta ikiwa nzito hukumu yake huwa moja: ipigwe window upya. Mama anaingia kwa fundi na mashine kwenye mkoba, wanasalimiana, anaeleza kwamba akiiwasha asubuhi inazunguka tu na kila anachobofya kinastaki. Fundi anaigusa mara mbili tatu na kutoa jibu: "Mama, hii imejaa. Tuipige window mpya, uje jioni." Mama anakubali kwa sababu hana la kupinga. Jioni anarudishiwa mashine nyepesi, lakini picha za kipaimara cha mtoto hazipo, hesabu za VICOBA alizokuwa anaziweka kwenye Excel hazipo, na printa haitambuliki tena. Ikipita miezi michache uzito unarudi, na hukumu ni ileile.

Fundi huyo hana nia mbaya. Anafanya kinacholeta matokeo haraka, kwa bei ambayo mteja anaimudu, huku wateja wengine wakisubiri mlangoni. Ila njia yake haigusi chanzo. Mara nyingi mashine ya namna hiyo haikujaa mafaili hata kidogo. Imejaa programu zinazojiwasha zenyewe na kufanya kazi chinichini, ambazo mwenye mashine hakuziita na hajui kwamba zipo.

Chukua kompyuta ya kawaida ya Windows 10. Machoni pa mtumiaji kuna dirisha moja la Word. Nyuma ya dirisha hilo, orodha ya huduma za mfumo ina majina zaidi ya 200, na makumi kadhaa kati ya hayo yanafanya kazi muda huohuo. Nyingi ni za lazima: bila hizo Wi-Fi haiungani, sauti haitoki, saa hairekebishwi. Nyingine ni za kiwandani, zimewekwa na kampuni iliyotengeneza mashine ili kukumbusha usajili wa antivirusi ya majaribio au kutangaza bidhaa zake. Zipo zilizoingia kwa mgongo wa programu nyingine, pale mtu alipobofya kitufe cha kuendelea mara tano mfululizo bila kusoma, akisakinisha kitu cha kufungulia PDF. Na zipo zilizobaki yatima: programu yenyewe ilifutwa zamani, lakini kijiprogramu chake cha kutafuta matoleo mapya kinaamka kila siku kutafuta toleo la kitu ambacho hakipo tena.

Mwenye kompyuta anastahili kujua kila kinachojiendesha ndani yake, kuamua kipi kibaki, na kuulizwa kwanza kabla hakijagusa bando lake. Kwa mkoa kama Kilimanjaro hilo ni suala la pesa kabla halijawa suala la utaalamu.

Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na wapanda mlima wakaweza kutuma picha wakiwa bado njiani kuelekea kilele cha Uhuru. Ni hatua ya kujivunia. Chini ya hapo, kuanzia Mwika na Marangu hadi Kibosho na Machame, mwalimu au katibu wa chama cha msingi anayetaka kutumia kompyuta nyumbani kwa kawaida huwasha hotspoti ya simu na kununua bando la siku au la wiki. Bei ya bando ni jambo zito kwa Watanzania. Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika, malalamiko yalikuwa makubwa hadi vikasitishwa. Lawama zilielekezwa kwa kampuni za simu na kwa mamlaka, huku kompyuta iliyokuwa mezani ikisahaulika.

Kompyuta nayo ilistahili sehemu yake. Windows ikiunganishwa na hotspoti ya simu, mara nyingi huichukulia kama Wi-Fi nyingine yoyote, na Wi-Fi kwake haina kikomo. Basi inaanza kupakua masasisho, OneDrive inapandisha folda ya picha, duka la programu linaboresha michezo ambayo hakuna anayeicheza. Sasisho la mwezi mmoja linaweza kuwa mamia ya MB. Sasisho kubwa la toleo linafika GB kadhaa. Tena Windows 10 ilipotoka Julai 2015, katika matoleo ya Home na Pro ilikuja na huduma iliyowashwa tayari, ambayo iliifanya kompyuta ya mtu iwapelekee watu wengine mtandaoni vipande vya masasisho ambavyo yenyewe imekwisha kuvipakua. Kwa mtu wa Uru aliyejiunga bando la GB 1, hiyo ilikuwa ni kulipia mzigo wa mtu asiyemjua, na hakuna aliyemwomba ridhaa.

Kisa kimoja kikali cha aina hii kilitokea Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2016, mradi wa kulinda wanyamapori wa Chinko, mashariki mwa nchi hiyo, ulikuwa unaendesha shughuli zake kwa kompyuta chache na intaneti ya setilaiti, ambayo ni ghali mno. Wakati huo Microsoft ilikuwa na kampeni ya kuwahamisha watumiaji wa Windows 7 na 8 waende Windows 10, na faili za toleo jipya zilikuwa zikipakuliwa zenyewe, GB kwa GB. Kompyuta za Chinko zikaingia kwenye mkumbo huo. Mmoja wa waliokuwa wakisaidia mradi alieleza hadharani uchungu wake: mashine hizo ndizo zilizotumika kuwaongoza askari wa wanyamapori walioko porini, na zikikwama katikati ya tukio, askari hao wanabaki peke yao mbele ya majangili wenye bunduki. Porini kule hakukuwa na mtu aliyeomba toleo jipya la kitu chochote.

Mwaka huohuo ilijulikana kwamba Teri Goldstein, mwenye wakala wa usafiri huko Sausalito, California, amelipwa dola 10,000 kwa hukumu dhidi ya Microsoft. Kompyuta yake ya kazi ilijaribu kujihamisha kwenda Windows 10 bila yeye kuruhusu, ikashindwa, ikamharibia shughuli kwa siku kadhaa. Moshi imejaa ofisi za kazi kama yake, zinazopokea ratiba na malipo ya wapanda mlima kwa barua pepe kutoka kila pembe ya dunia. Mwenye ofisi wa hapa, mashine ikimgomea asubuhi ambayo wageni wanatakiwa kuondoka kwenda lango la Machame, hana mahakama ya kumlipa dola hizo. Anampigia fundi, na fundi anajibu kama alivyomjibu yule mama.

Na kinga yake haihitaji fundi. Kwenye mipangilio ya Windows, ukifungua jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo, kuna kitufe kinachoiambia mashine kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Kwa Kiingereza kimeandikwa Metered connection. Kikiwashwa, sehemu kubwa ya masasisho husubiri na OneDrive husimama. Ukurasa wa karibu na hapo unaonyesha kila programu imetumia MB ngapi katika siku 30 zilizopita. Mtu akiusoma mara ya kwanza huwa anashangaa, kwa sababu jina la juu kabisa mara nyingi ni la mfumo wenyewe, na yeye alidhani ni YouTube za watoto.

Wenyeji wa miteremko hii wana uzoefu wa muda mrefu wa kusimamia kitu kinachopita kimya kimya na kumalizika upesi. Mifongo, mifereji ya asili inayochukua maji mtoni juu karibu na msitu na kuyapitisha kwenye vihamba, imeendeshwa kwa utaratibu mkali kwa karne nyingi. Kila nyumba ina zamu yake. Zamu ikiisha, mlango wa maji unafungwa kwa udongo na majani ya mgomba. Anayefungua nje ya zamu anaitwa kwenye kikao na kutozwa faini. Ukifika wakati wa kuzibua, watu wanatoka kwa msaragambo na majembe, wanaondoa tope na kutazama ni nani amechepusha maji pembeni. Huduma za chinichini zinastahili usimamizi wa namna hiyohiyo. Zijulikane kwa majina, zipewe zamu, na kila baada ya muda mtu apite kutazama kilichochepushwa.

Kutazama kwenyewe si kazi ngumu. Kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kunafungua Task Manager, na tangu Windows 8 ndani yake kuna ukurasa wa programu zinazojiwasha pamoja na mashine, kila moja ikiwa na alama ya kiasi inachochelewesha. Hapo ndipo pa kuanzia, na kwa mashine nyingi panatosha. Programu ya mazungumzo ya video ambayo mtu huitumia mara moja kwa mwezi haina sababu ya kuamka kila asubuhi, na ukiizuia kujiwasha hufuti chochote. Ukiihitaji utaibofya mwenyewe. Zile za kiwandani na zile yatima zinaondolewa kwa njia ya kawaida ya kufuta programu. Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kuingia kwenye orodha ndefu ya huduma zenyewe, na hapo anatakiwa apunguze mwendo.

Kwa wanaotaka kuona kila kitu kuna Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals. Kampuni hiyo ilianzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Russinovich ndiye aliyegundua, Oktoba 2005, kwamba CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinasakinisha kimyakimya programu ya kuzuia kunakili nyimbo, tena iliyojificha ndani kabisa ya Windows. Huduma yake ilijipa jina la Plug and Play Device Manager, jina ambalo mtu yeyote angelipita akidhani ni la mfumo. Alipojaribu kuing'oa kwa mkono, kiendeshi chake cha CD kilitoweka kwenye kompyuta. Kama mtaalamu wa daraja lake alikutwa na hilo, fundi kijana wa karibu na stendi ana kila sababu ya kwenda polepole.

Kasi ndiyo kosa kubwa la upande wa pili, wa wanaopenda kuzima huduma. Zinazunguka skripti zinazoahidi kusafisha Windows kwa mbofyo mmoja, na vijana wengi wanazipenda. Zinazima vitu kwa makumi bila kujua mashine iko wapi na inafanya kazi gani. Hakuna orodha moja inayozifaa kompyuta zote. Huduma ya foleni ya uchapishaji, Print Spooler, ni mfano mzuri. Windows huiwasha hata kwenye mashine ambayo haijawahi kuona printa. Katikati ya mwaka 2021 lilipojulikana tundu lake lililoitwa PrintNightmare, ambalo lingemwezesha mshambuliaji kuiteka mashine nzima, ushauri uliotolewa kwa wasimamizi ulikuwa kuizima kwenye kompyuta zisizochapisha. Kwa mtu ambaye hana printa, ushauri huo ni sahihi hadi leo. Ukiizima kwenye kompyuta ya steshenari, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, wanafunzi wamepanga foleni na fomu zao zinatakiwa zichapishwe, zisainiwe na zipandishwe tena kwenye mfumo, umeifunga biashara ya mtu kwa siku nzima.

Kuna huduma mbili ambazo mafundi wengi huzizima kwanza na ambazo zingetakiwa ziguswe mwisho: masasisho ya Windows na antivirusi. Sababu yao inaeleweka, kwani ndizo zinazokula bando na diski kuliko nyingine. Lakini kumbukumbu ya Mei 2017 bado ni mbichi. Kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Kilipita kwenye SMBv1, njia ya kizamani ya kompyuta kushirikishana mafaili, ambayo watu wengi hawakuihitaji tena lakini ilikuwa imeachwa wazi. Kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wameacha huduma ya kale ikiendelea na kuzima huduma ya masasisho walipigwa pande zote mbili. Kwa hiyo sasisho lipewe zamu, usiku wa bando la bei nafuu au siku ya kufika mjini penye Wi-Fi, na lisifungiwe kabisa.

Pale ambapo window inayopigwa haina leseni, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Ili ionekane halali inatumiwa programu ya kuihalalisha kwa ujanja, ambayo yenyewe hujiweka kama huduma ya chinichini ili kurudia ujanja wake kila muda, na kabla ya kuisakinisha mtu huambiwa azime antivirusi. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, programu maarufu ya aina hiyo, zilivyokuwa zinabeba kirusi cha kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mama aliyepeleka mashine ikiwa nzito anaweza kuirudisha nyumbani ikiwa nyepesi na ikiwa na mwizi ndani. Huenda mashine ya awali, pamoja na uzito wake wote, ilikuwa salama kuliko hii.

Haki itendeke pia kwa programu zinazosingiziwa. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka haitakuwa nyepesi kwa kuzima huduma peke yake. SysMain, ile inayopakia mapema programu unazozitumia sana, na ile ya kuorodhesha mafaili kwa ajili ya utafutaji zinaweza kuichosha diski ya aina hiyo, na kuzizima kunasaidia. Kubadilisha diski kuwa SSD kunasaidia zaidi. Fundi mwaminifu anasema hivyo mapema.

Suala hili limepata uharaka mpya. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kizazi kipya. HP EliteBook na Dell Latitude zilizotumika, ambazo ndizo kompyuta za wanafunzi na ofisi nyingi ndogo, zikiwa za miaka ya kabla ya 2018 haziruhusiwi kuingia huko. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu: kujiandikisha kwa masasisho ya nyongeza ya usalama ambayo kwa watumiaji wa kawaida yalitangazwa kuwa ya mwaka mmoja, kununua mashine nyingine, au kuhamia mfumo wa Linux.

Linux Mint au Ubuntu kwenye mashine ya mwaka 2014 inaweza kufanya kazi kwa wepesi unaomshangaza mtu aliyekuwa amekata tamaa. Hata hivyo, wanaoihubiri Linux kana kwamba haina programu za chinichini wanawapotosha watu. Ubuntu ina snapd, ambayo kwa kawaida hutafuta matoleo mapya mara nne kwa siku, na kwenye bando hilo linaonekana. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alionyesha udhaifu kwenye cups-browsed, huduma ya kutafuta printa iliyokuwa inasikiliza mtandao kwenye kompyuta nyingi ambazo wenyewe hawana habari nayo. Tofauti ni kwamba Linux inamruhusu mwenye mashine kuona na kuamua kwa uwazi zaidi. Amri moja ya systemctl inaorodhesha huduma zote na hali zake, nyingine inazima na kuzuia isijiwashe tena, na amri ya tatu inairudisha kama ilivyokuwa. Snapd nayo inaweza kuambiwa isubiri.

Faida ya kuzijua huduma za mashine yako kwa majina na tabia zake ilionekana dunia nzima Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki kutengeneza PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya programu yake kwenye Debian alipoona kwamba huduma ya sshd, inayopokea watu wanaoingia kwenye mashine kwa mbali, inatumia prosesa kuliko kawaida. Kuingia kulikokuwa kunachukua theluthi ya sekunde sasa kulikaribia nane ya kumi ya sekunde. Watu wengi wasingeona, na hata wangeona wasingejali. Yeye aliifuata nusu sekunde hiyo hadi akakuta mlango wa siri uliokuwa umepandikizwa kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo ulikuwa umeandaliwa kwa uvumilivu wa miaka, na ungepita kwenye seva za benki, hospitali na serikali za dunia nzima. Ulikamatwa kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja anayejua huduma yake hutumia kiasi gani siku ya kawaida.

Simu nazo zina sehemu yake katika habari hii, maana huko vijijini simu ni nyingi kuliko kompyuta. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilibainisha kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia na Ghana, zilikuwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu zikiwa kwenye boksi, zikijaribu kuwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila wao kujua. Kampuni mama, Transsion, ilimtupia lawama mmoja wa wasambazaji kwenye mnyororo wake. Waliokatwa salio walikuwa wanunuzi wa simu za bei ya chini.

Hapo serikali inahusika. Nchini Ufaransa, mamlaka ya ulinzi wa taarifa, CNIL, iliiandikia Microsoft mwaka 2016 kuhusu taarifa nyingi kupita kiasi ambazo Windows 10 ilikuwa inazikusanya na kuzituma kimyakimya. Mwaka uliofuata ilifunga shauri baada ya kampuni kupunguza karibu nusu ya taarifa zilizokusanywa katika kiwango cha chini. Barua ya ofisi moja ya umma ilibadilisha kilichojiendesha kwenye mamilioni ya kompyuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina tume ya kuisimamia. Tume hiyo ina haki ya kuuliza ni taarifa zipi zinaondoka kwenye kompyuta mpya zinazouzwa nchini kabla mnunuzi hajasoma ukurasa wa kwanza, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina haki ya kuuliza zinaondoka kwa bando la nani. Mtengenezaji akilazimishwa kuuza mashine yenye huduma za nyongeza zimezimwa, mnunuzi akaziwasha akitaka, nusu ya kazi ya mafundi wa Moshi itakuwa imekwisha kufanyika.

Nusu nyingine ni ya hapahapa. Mkoa huu ulianza kuuza kahawa kwa pamoja tangu miaka ya 1920, chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikaundwa mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963 sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kinachofundisha pia TEHAMA. Vyama vya ushirika vinatakiwa kuingiza taarifa zao kwenye MUVU, mfumo wa kidijitali wa kuvisimamia, na kwa chama cha msingi cha kijijini hiyo ina maana ya kompyuta moja, bando la kununua na katibu mmoja anayeangalia duara likizunguka kwenye kioo. Wanafunzi wa TEHAMA wakipangiwa chama kimoja kimoja wakati wa mafunzo kwa vitendo, wakae na katibu, waandike kila huduma inayojiendesha kwenye mashine ile na sababu yake ya kuwapo, watakuwa wamekifanyia chama kazi yenye thamani ya pesa, na wao watakuwa wamejifunza kitu ambacho hakimo kwenye slaidi.

Na mafundi wenyewe wanaweza kuanza kesho bila kusubiri tume wala chuo. Kabla ya kupiga window upya, mafaili ya mteja yahamishiwe kwanza kwenye diski ya nje. Orodha ya vinavyojiwasha ifunguliwe mbele yake na aulizwe anavyovitumia. Huduma ambayo fundi hana uhakika nayo iwekwe kwenye hali ya kuwaka inapohitajika tu, isizimwe kabisa, na mashine ikae siku mbili tatu ikiangaliwa. Kwenye risiti, chini ya bei, yaandikwe majina ya vilivyozimwa na tarehe, kwa mwandiko unaosomeka, ili fundi mwingine wa Himo au Sanya Juu akiletewa mashine hiyohiyo ikiwa haichapishi ajue pa kuanzia.